Mtamba wa Timu ya Amerika

Wanawake wengi wa Kisaju walikuwa na wake wenza. Wangu mimi alikuwa timu ya mpira ya Amerika.

Msinicheke. Mke mwenza wa kawaida unamwona kwa macho. Unajua amepika nini, unajua leo amenuna au amefurahi, na siku ikibidi mnarushiana maneno pale kwenye bomba la maji, halafu maisha yanaendelea. Huyu wangu alikaa ng'ambo, hakujua kama niko duniani, na bado alikuwa na ng'ombe katika zizi la mume wangu wakati mimi sikuwa na hata mbuzi wa kusingiziwa. Wazee husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu ilikuwa kinyume. Asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na mali, na mimi niliyekuwepo kila siku, nikinuka moshi na samadi, ndimi niliyekuwa mikono mitupu.

Ngoja niseme nilivyofika hapo. Mimi ni Mkamba. Baba alitoka Ukambani akaja kutafuta kazi ya kiwanda, na tukahamia Kitengela wakati Kitengela ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na vumbi. Nilijifunza kushona, nikapata kibanda sokoni na cherehani ya kukanyaga. Hapo ndipo aliponikuta Mmaasai mmoja aliyefanya kazi ya kukagua nyama kichinjioni. Alileta suruali nimpunguzie miguu. Wiki iliyofuata akaileta tena. Suruali ile niliipunguza mpaka ikakaribia kuwa kaptula, ndipo nikaelewa kwamba tatizo halikuwa suruali.

Tulifunga ndoa kanisani Kitengela, katikati ya miaka ya tisini, halafu tukapakiwa kwenye pikapu kupelekwa kwao Kisaju. Sasa sikilizeni, maana mambo yangu yote yalianzia hapo langoni. Bibi harusi wa Kimaasai akifika kwa mumewe haingii. Anasimama. Anainamisha kichwa kama mtu aliyekosewa, hasemi neno, na watu wa pale wanaanza kumbembeleza. Mama mkwe anamwahidi kondoo. Anapiga hatua moja, anasimama tena. Baba mkwe anamwahidi ng'ombe. Mume naye anatoa mtamba, ng'ombe jike mchanga ambaye hajazaa. Na tangu siku hiyo kila aliyempa kitu haitani naye kwa jina tena. Wa kondoo wanaitana Paker, wa ng'ombe wanaitana Pakiteng', na wa mtamba wanaitana Paashe. Mnaitana kwa kile kilichopita kati yenu mpaka mmoja azikwe.

Nani aliniambia hayo? Hakuna. Kwetu mama alinifunza kwamba bibi harusi anayewachelewesha wakwe ni mtu asiye na adabu. Na mvua ndiyo hiyo, ilianza matone makubwa makubwa tulipokuwa tunashuka kwenye pikapu. Gauni nilikuwa nimelishona mwenyewe, kwa macho yangu na mgongo wangu. Nikalikunja mpaka magotini, nikapita lango mbio, nikapita zizi, nikapita watu, nikaingia ndani ya nyumba ya mama mkwe nikiwa nimekauka.

 Nikasikia sauti ya mwanamke kutoka nje: "Ala! Ameingia!"

Kicheko kilichofuata nakisikia hata leo. Mama mkwe alikuwa amesimama na kondoo wake kwenye kamba. Alimrudisha kondoo.

Nilipokuja kuelewa nilichopoteza nilimwendea mume wangu. Nikamwambia kosa lile nililifanya kwa kutojua, si anirekebishie, anipe mtamba tu hata kama amekonda. Akanishika bega. "Sisi tumefunga kanisani," akasema. "Hayo mambo ya zamani tuachane nayo."

Basi nikaachana nayo, au nikasema nimeachana nayo. Lakini mke wa shemeji yangu aliolewa mwaka uliofuata, msichana wa Kimaasai kutoka Kimuka, na yule alisimama langoni mpaka jua likaanza kushuka. Alivyojua kununa! Alipoingia alikuwa ameshakuwa tajiri. Kesho yake asubuhi nzima boma lilikuwa linamwita. Paker njoo hapa. Pakiteng' amka. Paashe wangu umelala aje? Mimi mama mkwe aliniita "wewe". Nilipojifungua mtoto wa kwanza nikapanda cheo, nikaitwa mama mtoto.

Sikuwa nataka ng'ombe wa kuuza wala wa kuringia. Nilitaka mtamba mmoja kutoka mkono wa mume wangu, na nilitaka anyanyue sauti yake nzito, mbele ya watu, aniite Paashe. Hilo tu.

Sasa mume wangu alikuwa na rafiki, mtu wa rika lake. Walitahiriwa pamoja, wakacheza mpira pamoja kwenye timu moja ya Kajiado, mume wangu akiwa golini na huyu mwenzake mbele akifunga. Mwenzake alikuwa na miguu. Hilo nalikubali hata nikiwa nimekasirika. Nilimwona mara moja kwenye uwanja wa Kajiado, upepo unapeperusha vumbi kiasi kwamba refa haonekani, na yeye anapita watu kama anapita nguo kwenye kamba. Alienda Nairobi akacheza huko, kutoka Nairobi akapata chuo Amerika kwa sababu ya mpira, na alipomaliza chuo timu ya kulipwa ikamchukua.

Habari hizo zilifika Jumapili, kwa simu ya dukani Kitengela. Mume wangu alikuwa na kawaida ya kukaa pale baada ya ibada akiingojea ilie. Alirudi nyumbani anacheka peke yake barabarani.

"Amechukuliwa!" akapiga kelele kabla hajafika. "Anacheza mpira na analipwa!"

Nikafurahi. Kweli kabisa, siku hiyo nilifurahi, hata nikachinja kuku. Laiti ningejua ningemwacha kuku wangu aishi.

Kesho yake asubuhi aliingia zizini akatoka na mtamba mwekundu mwenye tumbo jeupe. Huyo mtamba nilikuwa nimemtia macho tangu azaliwe. Nilikuwa nikimpa maganda ya viazi. Akamkata sikio alama ambayo sikuwahi kuiona katika boma lile, si ya baba yake wala ya ndugu zake.

"Huyu ni wa nani?" nikauliza, na mjinga mimi, moyo ulianza kwenda mbio.

"Wa ile timu."

"Timu gani?"

"Ile ya Amerika. Wamempokea mtu wetu. Mtu akipokea mtoto wako, si unampa kitu? Ama utamwonyesha mkono mtupu?"

"Na mimi?"

"Wewe tulifunga kanisani."

"Kwa hivyo mimi ni kanisa, Amerika ndiyo mila?"

Alicheka, akidhani nimefanya mzaha. Jumapili iliyofuata alimwambia rafiki yake kwa simu amwambie mwenye timu kwamba timu yake iko na ng'ombe Kisaju. Baada ya muda, kwa posta, ikaja picha. Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili. Wamejibu, akasema, wametoa chao. Kuanzia siku hiyo timu ile haikuwa na jina lingine mdomoni mwake. Aliiita Paashe.

Woi! Mnajua maana ya kula ugali na mtu anayetaja jina lako la ndoto akimaanisha wanaume wa kizungu wenye soksi ndefu? "Paashe amecheza jana." "Paashe ameshinda ugenini." "Paashe ana majeruhi." Nilikuwa napakua mboga nikiibwaga kwenye sahani. Mke wa shemeji alinitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma kuliko kicheko cha wale wengine.

Ile picha aliiwekea fremu akaitundika juu ya picha ya harusi yetu. Juu yake, si kando. Wachezaji walipiga magoti kwa safu, jezi zao za zambarau na kijani cha kung'aa, rangi ambazo mteja akiniletea kitambaa chake ningemuuliza kama yuko salama. Rafiki yetu alikuwa mwisho kabisa, amekonda, anatabasamu. Kando yao alisimama mtu mzima aliyevaa kama ndege mkubwa, na mbele ya ndege walikaa wasichana wenye vikaptula, meno yote nje.

"Na hawa nao wanacheza nambari gani?" nikauliza.

"Hao ni wa kushangilia."

"Wanashangilia wakiwa uchi?"

"Ni joto huko, mama mtoto."

Sikuipangusa picha ile vumbi hata siku moja. Aliipangusa mwenyewe, na kitambaa changu cha kushonea.

Wanaume wa Kisaju walikuja kusikiliza habari za mpira wa huko. Mume wangu aliwaeleza akisimama, akichora na fimbo chini. Kwamba huko hakuna sare. Wakitoka sawa, mchezaji mmoja anapewa mpira mbali na goli, filimbi inalia, anakimbia peke yake kumwelekea kipa, na ana sekunde chache tu za kufunga, zinahesabiwa kwenye ubao mkubwa. Kwamba uwanja wenyewe ni wa mpira ule mwingine wa kushika mikononi, kwa hivyo nyasi zimechorwa mistari juu ya mistari na mgeni hajui ni upi wa kwake. Wanaume walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa nakamua nyuma yao, na niliyekuwa namkamua ni ng'ombe wa timu hiyo hiyo. Kwa maana yule mtamba alikuwa ameshapandwa na kuzaa.

Maziwa yake nilikunywa, sikatai. Ng'ombe wa rafiki akikaa kwako, maziwa ni yako na ndama ni wake. Mume wangu alinikumbusha hilo kila nilipolalamika. "Maziwa si unakunywa?" Nakunywa! Hata chai ya hotelini nakunywa, je, hoteli ni yangu?

Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Ukambani. Jioni ng'ombe waliporudi alisimama nami kwenye ua, akanyoosha mkono. "Wa kwako ni yupi?" Mama ni mtu wa kuuliza kitu wazi. Nikamwambia huyu ni wa mume wangu, yule ni wa mke wa shemeji, wale ni wa mzee. Akaelekeza kidole kwa yule mwekundu. "Na huyu mzuri?" Nikamwambia ni wa Waamerika. Mama akaniuliza kama Waamerika wameishiwa na ng'ombe kwao.

Mwaka elfu mbili kiangazi kilitukalia vibaya. Nyasi ziliisha, kukabaki mawe. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, yeye na ndugu zake wakaswaga ng'ombe wenye nguvu kuelekea Nairobi, wakalishe kando ya barabara na kwenye nyasi za matajiri. Waliokuwa dhaifu waliachwa nyumbani na wanawake. Yule mwekundu alikuwa ametoka kuzaa tena, miguu haina nguvu, akaachwa.

Ng'ombe wa kiangazi akilala, hainuki mwenyewe. Asubuhi mnakwenda, mmoja anashika mkia, wengine wanasukuma mbavu, mnahesabu, mnainua. Mke wa shemeji na mama mkwe walinisaidia kuinua. Baada ya hapo kila mtu alikwenda kwa wake, na mimi sikuwa na wangu wa kumwendea. Basi nikabaki na huyo. Niliacha cherehani. Nilizunguka soko la Kitengela nikiokota majani ya kabeji na mabua ya mahindi, nikayabeba kwenye gunia mpaka Kisaju. Wauza mboga wakaanza kuniwekea, wakisema yule mama wa ng'ombe amekuja. Nilimsemesha ng'ombe yule kwa Kikamba, nikimtukana na kumlisha. "Kula, mke mwenza. Kula, bibi wa ng'ambo. Wenyewe wako kwenye kiyoyozi."

Kwa nini nilifanya hivyo? Kwa sababu nilimtaka. Niliona wazi kabisa jinsi itakavyokuwa. Mume wangu anarudi, anamkuta hai wakati wengine wamebaki ngozi, ananitazama, anaona. Mwanamume yeyote mwenye macho angeona. Nilikuwa hata nimechagua leso ya kujifunga siku hiyo.

Mvua ikaja, akarudi, amekonda, midomo imepasuka. Aliingia zizini akamwona mwekundu amesimama kwa miguu yake minne. Akampapasa mgongo. Machozi yalimtoka, mwanamume yule.

"Paashe atafurahi sana," akasema.

Nikaingia jikoni nikapiga sufuria ukutani. Nikamwambia nimeangusha.

Mwanzoni mwa mwaka ule timu ile ilikuwa imehama mji. Simu ilisema mwenye timu ameihamisha, amebadilisha hata rangi. Baba mkwe alipoelezwa aliuliza kama wamefuata majani. Mume wangu akajibu hapana, wamefuata watu wa kuja kutazama. Mzee akasema ni kitu kimoja. Lakini hata huko walikohamia watu hawakuja, na msimu ule ulipokwisha mwenye timu aliivunja. Iliishi misimu mitatu tu. Nimeona mabanda ya nyanya yaliyodumu zaidi.

Siku hiyo mume wangu alirudi kutoka Kitengela akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia.

"Imekufa," akasema.

"Nani?"

"Timu. Mwenyewe ameamka asubuhi akasema basi."

Watu wa hapa hawakuelewa. Timu zetu zinalala njaa, zinakosa mipira, zinapanda lori la mchanga kwenda kucheza Kajiado, lakini timu ni ya watu, utaiua vipi? Mtu mmoja anawezaje kuwa na timu kama mtu anavyokuwa na baiskeli? Mume wangu hakula siku hiyo. Mimi nilikula. Nilikula vizuri sana, nikaongeza, na jikoni nikaimba nyimbo za kwaya zote nilizozijua. Mke mwenza wangu amekufa! Sikumloga, sikumgusa, amekufa kwa mkono wa mwenye timu mwenyewe.

Nikampa muda wa kuomboleza. Kisha, mchana mmoja akinoa panga, nikamsogelea.

"Sasa yule mwekundu na watoto wake ni wa nani?"

"Wa Paashe."

"Paashe si amekufa?"

"Nilitoa. Kitu ukishatoa huwezi kurudisha. Unataka watu waseme nilimpa mtu ng'ombe, akafiwa, nikamnyang'anya?"

"Kwani kuna mtu huko anawadai?"

"Hata asipodai."

Nikamwambia kwamba hapa duniani hakuna mwanamke mwingine anayeshindwa na maiti. Akaendelea kunoa.

Rafiki yake alipata timu nyingine, nayo haikumaliza hata mwaka. Baada ya hapo goti likamharibikia. Mwaka wa elfu mbili na tatu alirudi, na mara tu alipofika mume wangu alimleta kwetu. Nilimpikia. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi za mapema, anatembea akiuonea mguu mmoja huruma. Alinisalimia "Takwenya", nikamjibu "Iko", na moyoni nikasema huyu ndiye, huyu ndiye amekuja kuchukua.

Kwa sababu nilijua mume wangu anataka nini. Alikuwa amevaa viatu vya Jumapili. Ng'ombe waliporudi jioni akampeleka zizini, nami nikafuata na birika la chai, maana singekubali jambo lile lisemwe nyuma yangu. Yule mwekundu alikuwa amekuwa ukoo. Alikuwa na binti, binti wana ndama, wote na ile alama sikioni.

"Hawa wote ni wa timu," mume wangu akasema, na sauti ilikuwa imejaa. "Timu imebaki wewe. Paashe, chukua ng'ombe zako."

Mgeni aliwatazama. Alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Kumbe uliwaweka kweli?"

"Ningewapeleka wapi? Si ulimwambia mwenye timu?"

"Nilimwambia. Alicheka sana. Akaniuliza kama hiyo ng'ombe inaweza kucheza beki." Akakuna shingo. "Baadaye nilimkumbusha, alikuwa ameshasahau."

"Lakini picha si walituma?"

"Picha nilituma mimi, ndugu yangu."

Mume wangu akashika mti wa zizi.  Miaka yote ile alikuwa anaitana na mtu ambaye hakuwahi kuitika. Na mimi, ambaye ningelipia kuona siku kama hiyo, nilijikuta nimekasirika upya, safari hii na yule mzungu nisiyemjua. Yeye ni nani amcheke? Mtu wa kumcheka mume wangu ni mimi.

"Hata siku ya kufunga," mgeni akaendelea, taratibu, "walituita chumba cha kubadilishia nguo, wakasema maneno machache, wakatuambia tuache jezi. Mipira wakahesabu. Nilitoka na viatu vyangu tu." Akawatazama ng'ombe tena. "Nani alikuwa anawakamua hawa?"

Mume wangu akaelekeza kidevu kwangu. "Huyu."

"Na kile kiangazi?"

"Huyu."

Mgeni akaingia katikati ya ng'ombe, akichechemea. Akamshika mtamba mmoja, mwekundu kama nyanya yake, mwenye tumbo jeupe. Akamleta mpaka mbele yangu. Mimi birika bado mkononi.

"Huyu ni wako," akasema. "Na kutoka leo usiniite shemeji. Niite Paashe."

Aki ya Mungu! Nilikuwa nimelisubiri neno lile tangu nilipokuwa mwembamba. Nilikuwa nimelipanga litakavyotoka, mdomo gani, sauti gani. Sikuwahi kupanga litoke kwa mtu mwingine.

"Paashe," nikasema.

"Oe," akaitika.

Mume wangu aliomba chai. Nikammiminia kikombe kikafurika, hakuna aliyeona.

Mgeni alilala kwetu. Asubuhi alikaa mezani, akaniuliza, "Paashe, umeamka aje?" Nikamwambia, "Nimeamka vizuri, Paashe. Chai iko, Paashe. Sukari unaweka, Paashe?" Nililitumia lile neno kuliko ilivyohitajika, na lilikuwa tamu kuliko hiyo sukari. Mke wa shemeji alikuwa amekuja kuomba moto, akasimama mlangoni macho yamemtoka.

Mume wangu akaweka kikombe chini. "Na mtakuwa mnaitana hivyo mpaka lini?"

"Si ndiyo mila?" nikamjibu.

Alitoka. Tukasikia lango la zizi, tukasikia ng'ombe wakisukumana. Baadaye akaniita nje, bila jina, "We!" tu. Nikatoka. Alikuwa amesimama uani na kamba mkononi, viatu vyake vya Jumapili vimezama kwenye samadi, na mwishoni mwa kamba ile alikuwa mtamba wake mwenyewe, mweusi, aliyekuwa bora kuliko wote aliokuwa nao. Wanawake walikuwa wameshatoka nyumba zote.

"Shika," akasema.

"Wa nini?"

"Shika, nimesema!"

"Mtu hapewi ng'ombe kama anayefukuzwa."

Akailegeza kamba. Uso wake nilikuwa naujua, kwa sababu ndio uso niliokuwa nao mimi miaka yote ile nikipakua mboga. Wivu ulikuwa umemkaba. Sikumwonea huruma hata kidogo, na nilimpenda.

"Huyu ni wako," akasema, polepole. "Nimekupa mimi."

Nikapokea kamba kwa mikono miwili. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akakohoa, akavuta pumzi, na mbele ya mama yake na mke wa ndugu yake na boma lote akanyanyua ile sauti yake nzito, akaita:

"Paashe!"

"Oe!"

Tuliitika wawili. Mimi nikiwa nimeshika kamba, na yule mwingine mlangoni, kikombe mkononi, akiuliza kuna nini.